Mchezo Ni Mzuri, Lakini Majini Mna Nini? Somo la Kikundi Juu ya Kichocho



Somo hili ni la wazee, akina mama na vijana pamoja. Lisomeni katika mikutano miwili: sehemu ya 1 hadi ya 4 siku ya kwanza, na zilizobaki siku ya pili. Anayejua kusoma vizuri awasomee wengine pole pole. Mkifika mahali palipoandikwa JADILINI, msipite upesi. Wekeni karatasi chini, mzungumze.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi kichocho kinavyotoka kwa mtu, kikaingia majini na kumrudia mtu, (b) kutambua dalili zake, na (c) kutaja mambo matatu ambayo kikundi kinaweza kufanya ili vijana waendelee kucheza bila kuugua.

1. KWA NINI TUNAZUNGUMZA JUU YA MICHEZO

Sisi tunaoishi kando ya ziwa, mto au bwawa tunajua mambo yalivyo. Watoto wakitoka shule, vitabu vinatupwa nyumbani na mbio mpaka majini. Vijana wakimaliza mpira jioni hakuna bafu, kwa hiyo timu nzima inaoga ziwani. Siku kuu ikifika kuna mashindano ya mitumbwi na ya kuogelea, na kijiji kizima kinasimama ufuoni kushangilia.

Mambo haya ni mazuri. Mwili unapata nguvu, vijana wanakaa mbali na chang'aa, na mtoto anayejua kuogelea hazami upesi. Kwa hiyo somo hili halisemi michezo ya majini ikomeshwe. Mzazi akikataza tu bila kuonyesha njia nyingine, mtoto ataenda kwa kujificha.

Lakini tukihesabu hatari za maji, mara nyingi tunahesabu kuzama, mamba na kiboko. Tunasahau hatari moja ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Anayechota maji kwa ndoo hukaa majini dakika chache, na ni miguu tu inayolowa. Mtoto anayecheza hukaa saa nzima au mbili, mwili wote, tena mchana jua likiwaka. Ndiyo sababu watoto wa umri wa shule ndio wanaopatikana na kichocho kwa wingi kuliko wengine.

2. SAFARI YA MNYOO

Kichocho, au bilhazia, kinaletwa na mnyoo mdogo. Jina bilhazia limetokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyemwona mnyoo huyo mjini Cairo, Misri, mwaka 1851. Safari yake ni kama ifuatavyo.

Kwanza: Mtu mgonjwa anakojoa au kwenda haja kubwa majini au kando ya maji. Mvua ikinyesha, uchafu wa kando unasukumwa ndani. Mayai ya mnyoo yako ndani ya uchafu huo.

Pili: Yai likifika kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi linapasuka. Kinatoka kijidudu kinachomtafuta konokono wa majini. Si kila konokono, ni aina fulani tu. Kuna walio bapa kama kamba iliyoviringwa, na kuna walio na ncha. Wote ni wadogo, na hupenda maji yaliyotulia yenye majani.

Tatu: Ndani ya konokono kijidudu kile kinazaana kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Kimoja kilichoingia kinaweza kutoa maelfu. Hawa wapya wana mkia wenye ncha mbili, kama panda ya manati. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana.

Nne: Vijidudu vinaogelea vikimtafuta mtu. Vikimgusa vinapenya ngozi yake kwa dakika chache tu. Hakuna haja ya kidonda wala ya kunywa maji. Vikikosa mtu vinakufa kwa muda wa siku moja au mbili.

Tano: Ndani ya mwili vinasafiri kwa damu, vinakua, na kuwa minyoo dume na jike. Jike hukaa amekumbatiwa na dume wake katika mishipa ya damu, na kila siku hutaga mayai. Wanaweza kuishi hivyo miaka 3 hadi 5, wengine hata zaidi. Mayai mengine yanatoka kwa choo au mkojo, na safari inaanza tena. Mengine yanakwama mwilini, na hayo ndiyo yanayoharibu ini, matumbo na kibofu.

JADILINI: Chora duara chini kwa kijiti. Weka jiwe kwa mtu, jiwe kwa choo, jiwe kwa konokono, na jiwe kwa mtoto anayeogelea. Sasa ulizaneni: tukitoa jiwe gani, duara linakatika?

Wengi watasema konokono. Lakini angalieni vizuri. Konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata kutoka kwetu. Ugonjwa wa ziwani unaanzia nchi kavu, kwa mtu aliyejisaidia kando ya maji.

3. KICHOCHO KIKO WAPI HAPA KENYA

Kuna aina mbili. Kichocho cha matumbo kiko hasa kando ya Ziwa Victoria na visiwa vyake, na katika mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea. Kichocho cha kibofu kiko hasa Pwani, kwenye mabwawa, vidimbwi na mito ya Kwale na Kilifi, na bonde la Mto Tana.

Maji ya bahari hayana kichocho, kwa sababu yai na konokono huyo hawawezi chumvi. Vijana wa Lamu wanaoshindana kuogelea baharini hawakipati huko. Lakini kijana huyo huyo akienda kuogelea katika bwawa la maji baridi, anaweza kukipata.

4. DALILI

Siku ile ya kuogelea mtu anaweza kuwashwa ngozi, au asihisi kitu. Baada ya wiki chache wengine wanapata homa, kikohozi na uchovu, hasa wageni ambao hawajawahi kuingia maji ya namna hiyo. Wanadhani ni malaria.

Baadaye, kichocho cha matumbo huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu katika choo. Kikikaa miaka mingi bila dawa, ini na bandama huvimba, tumbo likajaa maji, na mtu anaweza kutapika damu akafa. Kichocho cha kibofu huleta damu katika mkojo, na uchungu wakati wa kukojoa. Kikiachwa kinaharibu figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa mtoto kuna dalili nyingine ambayo mwalimu anaiona kwanza: anapungukiwa na damu, hakui vizuri, anasinzia darasani. Tunamwita mvivu kumbe ni mgonjwa.

IGIZO FUPI (Wanakikundi wawili waigize. Kijana ni kapteni wa timu ya mpira. Mama ni mhudumu wa afya ya jamii.)

KIJANA: Habari ya jioni, mama.

MAMA: Nzuri, mwanangu. Mbona umesimama mlangoni? Ingia.

KIJANA: Nina shida kidogo. Ni ya... siwezi kusema mbele ya watu.

MAMA: Keti. Tuko wawili tu hapa.

KIJANA: Ni mkojo, mama. Mwisho wa mkojo kunatoka damu. Sasa ni mwezi wa pili. Wenzangu wanasema ati nimeshika ugonjwa wa zinaa. Na mimi, haki ya Mungu, sijaenda kwa mwanamke.

MAMA: Nimekusikia. Wewe huogelea wapi?

KIJANA: Kwa bwawa, pale chini. Tangu nikiwa darasa la tatu. Hata sasa, tukimaliza mazoezi sisi wote tunaoga pale.

MAMA: Na hao wenzako, hakuna mwingine mwenye damu?

KIJANA: (Anafikiri) Wawili walisema siku moja. Tulicheka tu. Watu wanasema kijana akianza kuwa mwanamume inatoka hivyo.

MAMA: Hakuna uanaume wa kutoka damu. Hiyo inaweza kuwa kichocho. Lakini mimi sipimi kwa macho. Kesho enda kituo cha afya uombe kupimwa mkojo. Mkojo wa saa nne mpaka saa nane mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri. Na uende na hao wawili.

KIJANA: Je, wakikataa?

MAMA: Si wewe ndiye kapteni?

JADILINI: Kwa nini kijana alificha jambo hili miezi miwili? Katika kijiji chetu, mtu mwenye shida kama hii angemwambia nani?

Akina mama, sikieni hili pia. Mayai ya kichocho cha kibofu yanaweza kukwama katika njia ya uzazi ya msichana au mwanamke. Anapata maumivu, kutokwa na uchafu au damu, na wengine wanakosa kupata mtoto. Mara nyingi anatibiwa kama mtu mwenye ugonjwa wa zinaa na hapati nafuu, huku nyumbani anashutumiwa bure. Tena wataalamu wanaonya kwamba vidonda hivyo vinaweza kurahisisha virusi vya ukimwi kuingia. Mwanamke mwenye shida hiyo, ambaye alikua akioga na kucheza katika maji baridi, amwambie daktari habari hiyo bila kuona haya.

5. MANENO YANAYOSEMWA KIJIJINI

"Maji haya ni maangavu, hayana kitu." Si kweli. Kwa miaka mingi wageni waliogelea katika Ziwa Malawi wakiambiwa kwamba ni salama, maana maji yake ni safi kwa macho. Katika miaka ya 1990 wageni waliokuwa wakiishi nchini humo walipimwa damu, na karibu mmoja katika kila watatu alionekana amepata kichocho.

"Maji ya mto yanakimbia, hayawezi kuleta ugonjwa." Ni kweli konokono hapendi maji ya kasi. Lakini mto wa kasi una kona zilizotulia na vidimbwi, na hapo ndipo watu wanapoingilia na kutokea. Huko Uganda, wapo watu waliocheza kwa mitumbwi midogo katika maporomoko ya Mto Nile karibu na Jinja, wakapatikana na kichocho.

"Mimi huogelea mbali, si ufuoni." Hatari inapungua, lakini haiishi. Na kufika huko mbali ni lazima upite ufuoni.

"Nikijifuta kwa taulo haraka, au nikijipaka mafuta, nimepona." Inaweza kusaidia kidogo, lakini usiitegemee. Kijidudu hakingoji utoke majini.

"Nilikunywa dawa mwaka juzi, sasa siwezi kushikwa tena." Hili ndilo neno linalotudanganya kuliko yote. Tulione katika sehemu inayofuata.

6. DAWA IPO, LAKINI HAIZIBI NJIA

Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Ni ya vidonge, na kiasi chake hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu. Mtu ale chakula kwanza. Wengine husikia kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo kwa saa chache, kisha yanaisha. Msigawane vidonge nyumbani kwa kukisia.

Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, lakini haiwaui vizuri wale wachanga. Kwa hiyo aliyeogelea juma lililopita asikimbilie kupimwa leo na kusema yuko salama. Kipimo huonyesha vizuri zaidi baada ya wiki 6 hadi 8 au zaidi. Mwenye homa asingoje, aende kituo cha afya mara moja.

Dawa hii pia si chanjo. Wachunguzi waliwafuata vijana wanaoosha magari ndani ya Ziwa Victoria mjini Kisumu. Walitibiwa, wakarudi majini kutafuta riziki, na wengi wakaambukizwa tena, wengine mara nyingi. Dawa haikuwa mbovu. Maji yalikuwa ni yale yale.

Watoto wa shule katika sehemu zenye kichocho hupewa dawa kwa mpango wa serikali wa kutibu minyoo shuleni. Lakini kuna mtoto ambaye hakuwa shuleni siku ile, kuna kijana aliyeacha shule, na kuna mvuvi. Wadogo wa chini ya miaka mitano wanaooshwa ziwani nao hushikwa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga kama hao. Ulizeni kituo chenu cha afya kama imefika.

7. MAGONJWA MENGINE YA MAJINI

Kichocho si peke yake. Anayemeza maji machafu akicheza anaweza kupata kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Mwenye kidonda kibichi asiingie.

Kuna pia ugonjwa wa leptospirosi, unaotokana na mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine. Mvua kubwa inasomba mkojo huo hadi mtoni, na vijidudu vinaingia mwilini kwa michubuko, macho na mdomo. Mwaka 2000 wanariadha 304 kutoka nchi mbalimbali walishindana katika misitu na mito ya Sabah, Malaysia. Baadaye 189 kati yao waliulizwa habari zao, na 80 walikuwa wameugua kwa dalili za ugonjwa huu. Jambo lililoonekana wazi ni kuogelea katika Mto Segama. Hawa walikuwa watu wenye nguvu, waliofanya mazoezi. Nguvu za mwili si kinga.

Dalili zake ni homa ya ghafla, kichwa, misuli ya miguu kuuma sana, macho mekundu, na wengine kugeuka manjano. Unafanana na malaria. Ukienda kwa daktari na homa mwambie, "Niliogelea mtoni wakati wa mafuriko." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha, kwa sababu dawa yake ipo na inafaa itolewe mapema.

8. KAZI YA KIKUNDI

Chagueni mambo mawili au matatu mnayoyaweza. Msianze yote kwa siku moja.

(a) Chora ramani ya maji yenu. Tembeeni ufuoni, vijana waongoze. Andikeni watoto wanaogelea wapi, timu inaoga wapi, majani yenye konokono yako wapi, na watu wanajisaidia wapi. Msimwokote konokono kwa mikono mitupu.

(b) Choo karibu na mchezo. Mtoto hataacha mchezo akimbie nusu kilomita kutafuta choo. Chimbeni choo cha shimo karibu na uwanja na ufuo, lakini kiwe angalau mita 30 kutoka majini, mahali palipoinuka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika, maji yaliingia mpaka nyumbani na vyooni. Shimo lililo bondeni ni hatari mvua zikizidi. Zungumzeni na kamati ya ufuo na afisa wa afya ya umma.

(c) Bafu la wachezaji. Pipa la lita 200 lenye mfereji na kifuniko, mawe ya kusimamia, na mabati au makuti ya kuzunguka. Maji ya ziwani yakikaa siku 2 kamili ndani ya pipa lililofunikwa, bila konokono, vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Ni salama kuogea, lakini kwa kunywa yachemsheni. Mkiwa na mapipa mawili, moja likitumika lingine linangoja. Timu yenyewe iwe na zamu ya kujaza, na anayechota avae gambuti.

(d) Mahali na saa. Penye mchanga mtupu ni afadhali kuliko penye majani. Asubuhi mapema ni afadhali kuliko mchana. Afadhali si salama kabisa, lakini mtoto ambaye hata hivyo ataingia, heri aingie mahali penye hatari ndogo, akiangaliwa na mtu mzima.

(e) Kung'oa majani ya majini. Huko Senegali wanavijiji walifanya kazi na wachunguzi, wakaondoa majani mahali watu wanapoingilia majini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha konokono walipungua na watoto walioambukizwa tena walikuwa wachache. Majani yenyewe yakawa chakula cha mifugo na mbolea. Anayefanya kazi hii avae gambuti na glavu ndefu, na baadaye apimwe. Msimwage dawa ya ng'ombe au ya shamba majini. Itaua samaki, nao ndio chakula chenu.

(f) Siku ya mashindano. Mbio za mitumbwi zianzie penye mchanga au gati. Zifanyike asubuhi. Choo kiwe tayari kwa watazamaji pia, kwa sababu wao ndio wengi. Mwalikeni mhudumu wa afya azungumze dakika 10 kabla ya zawadi, na aandike majina ya wanaotaka kupimwa.

(g) Dawa pamoja na choo. Ombeni kituo cha afya kiwapime wachezaji wote, kisha mkumbushane kila mwaka. Dawa bila choo ni kama kuteka maji kwa kapu. Na choo bila dawa kinamwacha aliye mgonjwa akiendelea kuumia.

9. NENO LA MUNGU NA MASWALI

Someni Kumbukumbu la Torati 23:12-13. Humo Waisraeli wanaamriwa wawe na mahali nje ya kambi pa kujisaidia, na wachukue kijiti cha kuchimbia na kufukia. Amri hiyo iliwahusu watu wote wa kambi. Mmoja akikataa, kambi yote inachafuka. Kadhalika ufuo wetu: nyumba 20 zikiwa na choo na 3 hazina, mayai yanaendelea kufika majini.

Maswali ya kujadili:

1. Ni nani katika kijiji chetu hukaa majini kuliko wote? Je, amewahi kupimwa?

2. Watoto wetu wakikatazwa kuingia ziwani leo, watacheza wapi?

3. Kuna nyumba ngapi karibu na maji zisizo na choo? Ni uvivu, ni umaskini, au ni mwamba usiochimbika? Kikundi kinaweza kusaidiaje bila kumwaibisha mtu?

4. Harambee yetu ijayo ikipata pesa kidogo, tununue sare za timu kwanza au pipa la kuogea?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, pamoja na jina la atakayefanya kila kazi na tarehe ya kuimaliza. Mkutano ujao, kabla ya kuanza jambo lingine, someni orodha hiyo kwa sauti.